Majina ya Vilivyomo Kashani: Historia Fupi ya Istilahi za Kadi na Diski za Kompyuta za Zamani

Utangulizi

Wilaya ya Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, imepata kuletewa mitambo migeni zaidi ya mara moja, na kila mtambo ulikuja na maneno yake. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa na kuufanya mji huo kuwa stesheni kubwa. Tangu hapo wakazi wa bonde la Mkondoa walianza kusikia na kutumia maneno kama stesheni, tiketi, injini, behewa na taruma.

Maneno hayo hayakupatikana kwa njia moja. Stesheni na tiketi yalikopwa pamoja na vitu vyenyewe. Behewa lilikuwa tayari neno la Kiswahili cha pwani, jina la ua wa ndani au la ghala, nalo likahamishiwa kwenye gari la reli. Taruma lilikuwa jina la mti wa kukazia chombo cha baharini. Kilosa hakuna bahari, lakini neno la mabaharia lilifika huko likiwa limelazwa chini ya chuma cha reli, na leo hakuna anayeliona kuwa geni.

Madhumuni ya makala haya ni kuitazama kwa jicho hilohilo historia ya maneno ya mtambo mwingine, yaani kompyuta ndogo ya mezani ya miaka ya 1980 na 1990, na hasa maneno ya kazi moja: kufungua kasha lake na kufunga ndani yake kadi za nyongeza na diski za kuhifadhia data. Huenda msomaji akauliza, kwa nini tushughulike na mashine zilizokwisha pitwa na wakati? Jibu ni kwamba maneno ya mashine hizo hayakupitwa. Yamo katika vitabu, katika mitaala na katika vinywa vya mafundi, na baadhi yake yana kasoro ambazo bado tunaweza kuzirekebisha.

Jinsi kompyuta ilivyoingia nchini

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, ila kwa kibali maalumu, baada ya kuona kwamba fedha nyingi za kigeni zilikuwa zimetumika bila ya kuleta manufaa yaliyotarajiwa. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata.

Yafaa tuziweke tarehe hizo kando ya tarehe za lugha. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa miaka ya bidii kubwa ya kuunda na kusanifu istilahi za sayansi, utawala, sheria na ufundi, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani, ambayo ndiyo babu wa kompyuta nyingi zilizoenea maofisini baadaye. Kwa hiyo, wakati wanaistilahi wetu walipokuwa na ari kubwa, kitu chenyewe kilikuwa adimu nchini. Na kitu kilipokuja kuenea, kilikuta lugha ya kukieleza haijatayarishwa. Jina la mtambo mzima lilipatikana, tena kwa wingi: tumepata kuwa na ngamizi, wenzetu wa Kenya wana tarakilishi, na kompyuta ndilo lililoshika Tanzania. Lakini majina ya vilivyomo ndani ya kasha yaliachiwa mafundi.

Hali hiyo haikubadilika sana hata baadaye. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa kazi ya kupongezwa, nayo ilitupatia maneno mengi yanayosomwa kwenye kioo. Hata hivyo, mtumiaji wa programu hahitaji kufungua kasha. Basi kioo kilitafsiriwa, na kasha likabaki vilevile.

Kadi, mwanya na upana wa njia

Kompyuta ya mwaka 1981 haikujengwa na kila kitu ndani yake. Juu ya ubao wake mkuu, ambao mafundi huuita ubao mama, kulikuwa na mianya mitano myembamba. Mwenye kompyuta aliyetaka kuunganisha kioo, printa au diski alinunua kadi ya kazi hiyo, yaani kipande cha ubao chenye saketi, akaichomeka katika mmojawapo wa mianya na kuikaza kwa skrubu. Toleo la mwaka 1983 lilikuwa na mianya minane. Mwaka 1984 ilitoka kompyuta iliyopitisha biti 16 kwa mara moja badala ya 8, na mwanya wake ukarefushwa: kwa miguso 62 ya awali iliongezwa mingine 36 katika kipande cha pili kilichopangwa mbele ya kile cha kwanza.

Hapo ndipo ulipoanza mkanganyiko ambao fundi wa wilayani alipaswa kuufahamu. Kadi fupi ya zamani iliweza kukaa katika mwanya mrefu na kufanya kazi, lakini kadi ndefu haikupata miguso yake yote katika mwanya mfupi. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilileta mwanya wa namna nyingine kabisa, uliozikataa kadi zote za zamani. Mwaka 1988 washindani wake waliungana kutoa mwanya wao, mpana wa biti 32, uliozikubali. Mwaka 1992 ukaja mwanya wa PCI, mfupi na wenye miguso iliyosongamana, ambao kwa miaka kadhaa ulikaa katika ubao mmoja pamoja na ile ya zamani. Fundi aliyefungua kasha la mwaka 1996 aliweza kukuta mianya mirefu myeusi na mifupi myeupe bega kwa bega, wala kadi ya upande mmoja haikuingia upande wa pili.

Kwa mtu wa Kilosa na Mikumi jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Tawi lake litokalo Kilosa na kupita Mikumi lilifika Kidatu katika miaka ya 1960. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067, nayo pia hupita Kidatu. Tofauti ya milimita 67 ni ndogo kuliko upana wa kiganja, lakini yatosha kulizuia behewa la reli moja lisiingie katika reli ya pili. Ndiyo sababu mwaka 1998 kilijengwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja hadi nyingine. Sasa imeongezeka reli ya tatu yenye upana wa milimita 1,435, ambayo nayo hupita Kilosa, na ambayo ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024.

Mfano huo una faida ya kiistilahi. Njia ya pamoja inayopitisha data baina ya ubao mama na kadi huitwa kwa Kiingereza kwa neno lilelile la gari la abiria, na wapo waliolitafsiri moja kwa moja kuwa basi. Tafsiri hiyo haifai. Kwanza, neno basi lina kazi nyingine kubwa katika sarufi yetu. Pili, mwanafunzi aliyeambiwa kwamba basi lina upana wa biti 16 atafikiria gari, hali kinachoelezwa ni barabara ya gari hilo. Neno njia, au njia ya data, linasema ukweli: njia ina upana, njia hupitisha, njia mbili zenye upana tofauti hazipokezani bila ya kituo cha kuhamishia. Mwanafunzi wa ufundi pale Mikumi, palipo na chuo cha VETA, amekwisha kuiona reli.

Namba za hodi

Kuichomeka kadi hakukuwa mwisho wa kazi. Kadi inapotaka kusikilizwa na kichakato cha kompyuta, kwa mfano data ikiwa imewasili, hupeleka ishara ya kuomba nafasi. Kompyuta za mwaka 1984 na zilizofuata zilikuwa na namba 16 za ishara hizo, kuanzia 0 hadi 15, na nyingi zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa: 0 ya saa, 1 ya kibodi, 6 ya diski laini, 14 ya diski ngumu, na kadhalika. Fundi alilazimika kuichagulia kadi mpya namba iliyo wazi, mara nyingi 5, 10 au 11, kwa kuhamisha vijipande vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani, ambavyo mafundi huviita jampa. Kadi mbili zikipewa namba moja, mojawapo hunyamaza, au kompyuta nzima husimama. Ilipotoka programu ya Windows 95, mwaka 1995, kazi hiyo ilianza kufanywa na kompyuta yenyewe, ingawa kadi za zamani ziliendelea kuhitaji mkono wa fundi.

Istilahi iliyozoeleka kwa ishara hiyo ni katizo, kutokana na kitenzi katiza. Neno hilo si baya, lakini linaeleza nusu ya jambo. Kukatiza ni kumwingilia mwenzio bila ya ruhusa. Kadi haifanyi hivyo. Kadi huomba, nacho kichakato hukamilisha amri kilichonayo mkononi, huweka alama pale kilipofikia, kisha huitika. Kiswahili kina neno la tendo hilo tangu zamani, nalo ni hodi. Mtu hupiga hodi, husubiri, huambiwa karibu. Tukisema kwamba kila kadi ina namba yake ya hodi, na kwamba wawili wakipiga hodi kwa namba moja mwenye nyumba hajui amfungulie nani, mwanafunzi ataelewa pasipo mchoro. Kwa hiyo napendekeza katizo libaki kuwa jina la kitendo cha kichakato kuacha kazi yake kwa muda, na hodi liwe jina la ombi la kifaa.

Diski, kiendeshi na maana ya kutafsiri

Kwa upande wa kuhifadhi data, kompyuta za mwanzo zilitumia diski laini. Sahani yenyewe iliweza kutolewa na kupelekwa ofisi nyingine, na mtambo wa kuizungusha ukabaki kashani. Vitu viwili, majina mawili: diski ni sahani, kiendeshi ni mtambo. Mwaka 1983 kompyuta ya IBM ilikuja na diski ngumu ya megabaiti 10, sawa na diski laini takriban 28 za kilobaiti 360 kila moja. Katika diski ngumu sahani na mtambo vimefungiwa pamoja, na kwa hiyo watu wakaacha kuvitofautisha. Ubaya ni kwamba neno kiendeshi limepewa pia maana ya tatu, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Sentensi kama «kiendeshi cha diski kimeharibika» haimwambii fundi kama alete bisibisi au alete programu. Neno moja lisibebe mizigo miwili katika kasha moja. Kiendeshi na kiwe mtambo, na programu hiyo iitwe programu endeshi.

Katikati ya miaka ya 1990 lilizuka tatizo ambalo wafasiri watalipenda. Mahali pa data katika diski palitajwa kwa namba tatu: ya silinda, ya kichwa na ya sekta. Programu ya msingi iliyomo katika ubao mama iliweza kuhesabu silinda zisizozidi 1,024, vichwa 256 na sekta 63. Utaratibu wa diski zenyewe uliweza kuhesabu silinda 65,536, lakini vichwa 16 tu, na sekta 255. Kila upande ulikuwa mpana kwa namna yake, lakini vilipokutana kilipita kile chembamba cha kila upande: silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63, na baiti 512 katika kila sekta. Zidisha, utapata baiti 528,482,304. Mwenye ofisi aliyenunua diski kubwa kuliko hiyo, akaifunga katika kompyuta ya zamani, aliona kiasi hicho tu, na sehemu iliyobaki ikawa haifikiki.

Dawa iliyopatikana wahandisi waliiita kwa jina la kazi yetu: tafsiri. Programu ya msingi ilifundishwa kugawa idadi ya silinda na kuzidisha idadi ya vichwa kwa kiasi kilekile. Diski yenye silinda 2,100 na vichwa 16 ilitajwa kwa programu nyingine kuwa ina silinda 525 na vichwa 64. Jumla haikubadilika, usemi tu ndio uliobadilika ili usikike upande wa pili. Kwa njia hiyo mpaka ulisogea hadi baiti bilioni 8.4 hivi. Lakini tafsiri hiyo ilikuwa na sharti moja: diski iliyoandikwa kwa tafsiri ya aina moja, ikihamishiwa kompyuta inayotumia tafsiri nyingine, iliweza kuonekana tupu au yenye takataka, hali data zote zimo. Fundi asiyelijua hilo angeshauri diski iumbizwe upya, na kumbukumbu za ofisi zingepotea kwa sababu ya tofauti ya tafsiri tu.

Hapa pana onyo kwetu. Kitendo cha kuiumbiza diski upya kimepata kuelezwa na watu kwa maneno mepesi kama kusafisha au kutayarisha. Mtumishi anayeulizwa «Je, nisafishe diski?» hana sababu ya kukataa, nani hukataa usafi? Kumbe kwa kukubali anaruhusu majalada yake yafikiwe na maangamizi. Umbiza ni neno zuri kwa kitendo chenyewe, lakini katika maelekezo ya maofisini lisiachwe peke yake. Lifuatiwe na kauli ya wazi kwamba yaliyomo yote yatafutika.

Bwana na mtumwa

Jambo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika. Kuanzia mwaka 1986 ilienea namna ya diski inayounganishwa kwa kebo bapa yenye nyaya 40. Kebo moja iliweza kubeba diski mbili, na jampa ya kila diski ilisema ipi ni ipi. Kwa Kiingereza diski hizo ziliitwa kwa majina ya bwana na mtumwa, na tafsiri ya moja kwa moja iko tayari kwa yeyote anayetaka kuitumia.

Je, tunaweza kusimama mbele ya darasa la Kilosa na kusema kwamba diski hii ni bwana na hii ni mtumwa? Njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji ilipita bonde la Mkondoa. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu waliofungwa pia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Katika nchi ya aina hiyo neno mtumwa si sitiari ya ufundi. Ni jina walilopewa watu waliopitishwa katika bonde hilo.

Hata hivyo, sitaki hoja isimame juu ya uchungu peke yake, maana mwenye kutaka usahihi wa kitaaluma atasema kwamba istilahi huhukumiwa kwa ukweli wake. Na tuipime kwa kipimo hicho. Diski ya aina hiyo ina saketi yake yenyewe ya kujiongoza. Ile inayoitwa bwana haiiamuru ile inayoitwa mtumwa. Zote mbili hupokea amri kutoka kwenye ubao mama kwa kebo ileile, na biti moja katika amri hutaja ipi kati yao inayohusika. Wakati wa kuwasha kompyuta, ya pili huiarifu ya kwanza kwamba ipo na kwamba imejipima ikajiona nzima. Huo ni ujirani, si utumwa. Kanuni rasmi za diski hizo zimetumia majina ya kifaa 0 na kifaa 1. Mwaka 2003 utawala wa wilaya ya Los Angeles, Marekani, uliwataka wauzaji wa vifaa waepuke majina ya bwana na mtumwa. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa na makosa mawili: ingeumiza, tena ingedanganya.

Msomaji atambue pia kwamba katika Kiswahili mtumwa, mtume, mtumishi na hata utumishi vyote vinatokana na kitenzi tuma. Lugha yetu imekwisha kutofautisha kwa uangalifu mkubwa anayetumwa kwa heshima, anayetumwa kwa mshahara na aliyetumwa kwa nguvu. Si busara kuuvuruga upambanuzi huo kwa ajili ya kebo.

Mapendekezo

Kwanza, majina ya vitu ambavyo mafundi wamekwisha kuyazoea, kama kadi, kebo, skrubu na jampa, yakubaliwe bila ya kusitasita, kama tulivyokubali stesheni na tiketi. Pili, majina ya matendo na ya uhusiano baina ya vitu, kama hodi, njia ya data, umbiza na mengineyo, yatafutwe ndani ya lugha, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa au kupotea. Ndiyo kazi iliyofanywa na behewa na taruma. Tatu, diski mbili za kebo moja ziitwe diski ya kwanza na diski ya pili, na mwalimu akumbushe kwamba katika vitabu vya ufundi huandikwa 0 na 1.

Mashine hizo zimebaki chache, nazo zinakaribia kwisha. Lakini kebo bapa ikishatupwa, swali la jinsi ya kutaja kitu kinachoongoza na kinachofuata litarudi katika mitambo mingine, na linarudi kila siku katika programu. Heri tulijibu sasa, tukiwa bado na mfano wa kushika mkononi.